Komeo la Nje

"Sasa komeo la nje la nini, Baba Adelina? Unataka kumfungia nani?"

"Nimelitia ndani."

"Ndani wapi? Macho yangu haya hayaoni?"

"Mama Adelina, nimelitia ndani. Si wewe mwenyewe ulinishikia skrubu?"

Kweli Yustina alimshikia. Asubuhi ile alimpa mumewe skrubu nne kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, naye akazikaza upande wa ndani wa mlango wa chumba cha mtoto. Sasa ilikuwa saa saba mchana, komeo liko nje, na upande wa ndani hapakuwa na hata tundu moja. Ubao ulikuwa laini kama haujawahi kuguswa.

"Basi umelihamisha ukasahau," alisema kwa sauti ndogo. "Kama ule mlango wa Mzungu."

Pale Temeke kila mtu aliijua habari ya mlango wa Mzungu. Nikodemu, mume wa Yustina, alikuwa fundi seremala, mtu wa Masasi, na mwaka ule Malkia mpya wa Waingereza alipotawazwa kazi ya mikono yake ilisifiwa mpaka Osta Bei kwa Wazungu. Ila mikono hiyo ilikuwa na kasoro moja: isipoangaliwa, hutia komeo upande wa nje. Ilifanya hivyo kwenye choo cha Mzungu mmoja. Mpishi akapita, akalisukuma bila kufikiri, na bwana mkubwa akapiga makelele humo mpaka saa ya chai.

"Fundi Komeo!" mafundi wenzake walimcheka. "Hebu tuambie, kwako anafungiwa mwizi au mwenye nyumba?"

Nikodemu hakujitetea. Hakuwa mtu wa kujitetea. Nyumbani kwake vyumba havikuwa na milango, mapazia tu, miaka minane. Huu mmoja aliutengeneza baada ya mbuzi wa jirani kuingia na kutafuna gauni la Adelina la kanisani.

Nikodemu mwenyewe alikuwa na miaka sita mama yake alipofariki, akachukuliwa na baba yake mkubwa, Alfonsi. Kila alipomlilia mama, Alfonsi alimtia kwenye ghala la mtama, akasukuma komeo, akasema kwa upole kabisa, bila hasira, "Utatoka ukinyamaza." Siku moja Alfonsi aliitwa msibani, akaenda, akasahau. Siku mbili. Siku ya pili, mle gizani, mtoto alisikia mtu anapumua nyuma ya kisogo chake. Kwa kuwa alikuwa peke yake, akasema, "Karibu."

Tangu hapo alinyamaza. Darasani alinyamaza, mwalimu akadhani hajui kitu. Ujanani alisingiziwa kuiba randa akanyamaza, akachapwa. Siku ya ndoa padri alimwuliza mara tatu kama amekubali, mpaka kanisa likaangua kicheko. Adelina peke yake ndiye aliyemfungua mdomo. Huyo alimwimbia.

Na sasa Adelina alikuwa na miaka sita.

Nikodemu alilirudisha komeo ndani. Kesho yake saa saba, likawa nje. Siku ya tatu ikaja harufu ya mtama uliobunguliwa, katika nyumba isiyo na hata punje ya mtama. Kisha kucha zikaanza kukwaruza mlango kutoka ndani, polepole, chini pale mkono wa mtoto unapofika, na Adelina mwenyewe yuko uani anacheza mdako.

"Baba," Adelina alimnong'oneza, "yule mtoto wa chumbani anauliza, umemsahau?"

Yustina hakungoja tena. Alimleta mganga kutoka Mtoni, mzee mpole mwenye kikohozi. Ubani ukafuka. Midomo ya Nikodemu ikafunguka, ikatoa sauti ya mtoto.

"Wewe nani?" mganga aliuliza.

"Alinikaribisha."

"Unataka nini kwake?"

"Sitaki kitu. Mie nakaa tu."

Mganga aling'oa komeo, akalifunga katika kitambaa cheupe, akamvuta Yustina barazani.

"Hili nitalitupa mtoni," alinong'ona. "Lakini hilo si jini la nyumba, mwanangu. Limemwingia mifupa yake haijakomaa, likakua naye. Nikilivuta, nitamtoa na yeye."

"Tufanyeje basi?"

"Mtoto asilie mbele yake."

"Mtoto wa miaka sita, asilie?"

Mganga aliangalia chini, akakohoa, akaenda zake.

Siku nne zikapita kimya. Siku ya tano mvua ilikatika, Yustina akachukua ndoo kwenda bombani, na Adelina akaanza kumlilia mama yake. Nikodemu aliinuka ili ambebe, na alijua kabisa kwamba anainuka ili ambebe, amwimbie, lakini kadiri kilio kilivyozidi ndivyo harufu ya mtama ilivyomjaa puani na kooni, na pumzi ile ya zamani ikatulia nyuma ya kisogo chake, na mikono yake, mikono iliyosifiwa mpaka Osta Bei, ikamshika mtoto kwapani, ikampeleka chumbani taratibu, ikamweka chini, ikauvuta mlango, naye akiitazama kama mtu anayetazama kazi ya fundi mwingine, akitaka kumwita mkewe, kumwita jirani, kumwita yeyote, asipate sauti, maana sauti aliiacha ghalani miaka thelathini nyuma, na vidole vyake vikalikuta komeo mahali pake, upande wa nje, la baridi, lina matope ya mto.

"Baba! Nifungulie! Baba, humu kuna mtu!"

Nyuma yake ndoo ilianguka. Alimsikia Yustina akiliita jina lake. Alitaka kumwambia, mtoe, mkimbize mbali nami. Akabandika paji la uso kwenye mlango, machozi yakimtiririka, na mdomo wake ukafunguka kwa upole kabisa, bila hasira:

"Utatoka ukinyamaza."