Mtoto wa Bustani ya Dongshan

Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa jikoni asubuhi, na Mwanakhamis alikuwa hata jiko hajawasha.

Hivi uchovu mnaujua nyinyi? Jana yake alishinda kwenye soko la vitambaa la Zhongda, huku kwa Wachina, na bintiye mgongoni, akarudi mtaani kwao Dongshan hoi. Waliishi kwenye nyumba ya matofali mekundu aliyoijenga mzungu mmoja zamani: paa limeinama mpaka juu ya madirisha, milango ya mbao ya kuchongwa kwa mkono, na bustani kama ya kupimwa kwa kamba, vichaka vimekatwa sawasawa pande zote, katikati kidimbwi kikavu. Gharib, mumewe, aliipanga kwa kuwa ina nafasi ya marobota yao ya vitambaa. Magharibi ile Mwanakhamis akamwaga kidimbwini maji ya moto aliyochemshia tambi. Mzanzibari mzima, kalelewa na bibi, hakusema bismillahi wasioonekana wapishe! Kuchoka tu, jamani.

Sasa bintiye huyo, Muzdalifa, alikuwa na homa, mkono umejaa malengelenge.

"Nani kakuunguza, mama'ngu?"

"Mwenzangu kaungua," mtoto akanong'ona. "Yuko kwenye maua. Mamake analia."

Gharib akampigia simu Mwalimu Msabaha, mjuzi wa mambo ya majini kule Unguja. Mwalimu akasikiliza, akashusha sauti.

"Mmeua mtoto wa watu. Fukizeni udi, ombeni radhi, mhame kabla jua halijazama. Mkiitwa kutoka nyuma, msiitike. Atakayeitika amempoteza mwana."

Wakafukiza kidimbwini. "Tusameheni, hatukukusudia," Mwanakhamis alisema akilia, na vichaka vikaanza kutikisika bila upepo, kimoja, kisha cha pili, vikiwazunguka kama mtu anapita nyuma yavyo akivishika, na ile harufu ikazidi mpaka Gharib akatapika, na malengelenge ya Muzdalifa yakanywea huku wanayatazama, mkono ukawa laini kabisa.

"Alhamdulillahi," Gharib akasema. "Twende, mke wangu. Twende."

Mwanakhamis akamweka mtoto begani. Alikuwa mzito, kimya. Walipofika getini, sauti ya Muzdalifa ikaita kutoka bustanini:

"Mama! Mbona mnamchukua huyo, mnaniacha mimi?"

"Usiitike!" Gharib akanong'ona.

Uchovu wote ukamtoka Mwanakhamis, akageuka, akafungua kinywa.

Mtoto aliye begani akanyoosha mkono wake laini, akamziba mdomo.