Mikono ya Kumshikia Uzi

Adelfina hakuita pepo. Hilo naomba lieleweke mapema, maana pale Benaco wapo wenye midomo yao wanaosema aliliita mwenyewe. Alichosema ni maneno ya kila siku, tena bila kuinua macho. Kosa lake ni kwamba aliyasema nyumba ikiwa haina mtu.

Alikuwa anamtengenezea skafu binti yake wa pekee, Ineza, ambaye kifua chake hakipatani na msimu wa baridi. Alitaka skafu nyepesi, yenye matundu na vinundu vya kroshia, kama alivyoona kwenye simu. Uzi aliupata kwa kufumua sweta la mtumba. Sasa uzi wa kufumua hauna adabu. Hutoka umejikunja, na hata ukiufua husokotana, mpaka apatikane mtu wa kukaa mbele yako, ainue mikono miwili, uzi uzungushwe juu yake, wewe uuvute taratibu utengeneze donge. Kazi hiyo ilikuwa ya Ineza, lakini mchana ule Ineza alikuwa shule, na Adelfina hakuwa na subira. Akauvisha uzi kwenye migongo ya viti viwili.

Viti vikawa vinateleza. Aliposikia kimoja kinaanguka, macho yake yakiwa kwenye donge, akasema alivyozoea, "Nishikie vizuri basi, usilegeze."

Uzi haukuanguka. Ukaendelea kuja, laini, ukiyumba kulia na kushoto, kama unavyoyumba ukishikwa na mtu anayejua kuinamisha mikono kumfuata mvutaji. Adelfina akavuta, akafurahi hata. Alipoinua macho viti vyote viwili vilikuwa vimelala sakafuni, na mizunguko ya mwisho ya uzi ilikuwa hewani, imetanuka mbele ya kifua cha mtu asiyekuwepo. Halafu ikadondoka mkekani. Chumba kikanuka turubai lililoloa.

Mimi ningelitupa lile donge chooni. Adelfina alijiambia ni uchovu, akafuma. Ikatoka skafu nzuri ajabu, nyepesi, ukiipuliza inapepea, na Jumapili kanisani akina mama wa jumuiya waliishikashika shingoni mwa Ineza wakiulizana mtindo ule unaitwaje.

Jumatatu Ineza alirudi shule mvua ikinyesha. Hakuomba chakula. Aliketi mkekani, skafu yake shingoni, akainua mikono miwili, viganja vikitazamana, akabaki hivyo.

"Ineza, shusha mikono ule."

"Siwezi, mama. Namshikia."

"Unamshikia nani?"

Mtoto akanong'ona, kana kwamba kuna mtu hataki kumsumbua. "Yule mama."

Adelfina alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa, akamshika mikono aishushe. Ilikuwa migumu kama mpini wa jembe. Akapitisha kiganja chake katikati ya ile mikono, mahali ambapo jicho halikuona kitu, na hapo akauhisi uzi, mwembamba, umelowa, unapita juu ya vidole vyake ukienda zake. Akapiga yowe.

Jirani yake Ildefonsa, mama mtu mzima aliyewafundisha akina mama wote wa kikundi chao kufuma, alifika anatota.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ongea polepole, usimshtue mtoto." Akamtazama Ineza, akatazama viti, akauliza kwa sauti ya chini, "Ule uzi wa skafu alikushikia nani?"

Adelfina akasimulia. Ildefonsa akajishika kifua. "Mwanangu, sisi kwenye kikundi tunafanyaje? Ukishikiwa leo, kesho na wewe unashika. Ulimwomba akushikie, akakushikia. Sasa amekuja kwa zamu yake."

"Mbona asinichukue mimi? Si mimi niliyemwomba?" Akapiga magoti kando ya mwanawe, akainua mikono yake mwenyewe, akalia, "Nipo hapa, nishikishe mimi. Mwache mtoto. Tafadhali, nishikishe mimi." Mikono yake ilikaa mitupu mpaka ikachoka.

Wakristo safi wale, lakini wakamtuma bodaboda kwa Kazimili, mganga Msukuma anayeishi upande wa Biharamulo. Alifika na mfuko wake na usinga wake, akainusa nyumba, kisha akatoka kutazama shamba la nyuma, lile ambalo jembe bado linafukua vikombe vya bati vya wakimbizi waliokuwa kambini hapo zamani. Aliporudi ile mikogo ya waganga ilikuwa imemtoka.

"Si jini la kutumwa hili, mama. Huyu ni mtu. Alikaa hapa kwenye turubai, na mtoto wake. Mtoto hakuiweza baridi."

"Utamtoa?"

"Nikimkatiza atakasilika, na mikono aliyonayo ni ya binti yako. Mwacheni amalize. Uzi ukiisha, atamwachia."

Basi wakangoja, na sijui kama kuna adhabu kubwa kwa mzazi kuliko ile, kukaa umbali wa kumfikia mwanao na usiweze kumfaa kwa lolote zaidi ya kumlisha uji kwa kijiko na kumfuta jasho, huku mvua ikipiga bati na chini ya mvua ile ukisikia kitu kingine, mkwaruzo mdogo wa uzi unaovutwa, na ukiiona mikono ya mtoto ikiyumba kulia, ikiyumba kushoto, ikimfuata mvutaji asiyeonekana, na ile harufu ya turubai ikizidi mpaka Ildefonsa akasahau rozari yake katikati na Kazimili akawa anatazama mlango kama mtu mwenye safari.

Mkwaruzo ukakoma. Mikono ya Ineza ikaanguka mapajani.

Adelfina akamkumbatia, akambusu viganja, akalia kwa sauti. Ildefonsa akaanza kumshukuru Mungu. Kazimili peke yake alikuwa ameshasimama. Alikuwa anafunga mfuko wake haraka haraka, na chai aliyokaribishwa aliikataa.

"Ameondoka, mwanangu?" Adelfina akauliza.

"Hajaondoka. Ameanza kufuma."

"Anamfumia nani?"

Ineza akagusa shingo yake. Aliivua skafu aliyofumiwa na mama yake, akaikunja vizuri, akaiweka mkekani. Kisha akaugeukia upande ule usio na mtu, akainua kidevu, akatulia apimwe shingo.