Sijaomba Kusukumwa

Hakuna kitu kinachonikera duniani kama kusukumwa bila kuulizwa. Mimi ni fundi cherehani, natembelea kiti cha magurudumu tangu utotoni, na mikono yangu inayazungusha magurudumu haya kutwa nzima bila kuchoka. Lakini mtu akiniona tu, huyo, keshadaka mishikio ya nyuma. "Nakusaidia tu, fundi." Unanisaidia kwenda wapi? Mwenzio nilikuwa nasubiri mteja!

Kinara wao ni kaka yangu. Nilipopanga chumba changu mwenyewe, alininunia. Alipoanza kunisemesha tena, alikuja na wimbo mmoja: "Mdogo wangu, mtu wa hali yako haishi peke yake. Siku nikisikia lolote, nakuja kukuhamisha." Kwake kuna chumba kimeandaliwa, na wifi ana roho nzuri, ila kule hata maji nitaletewa nikiwa sina kiu. Hiki chumba ndicho kitu pekee maishani nilichojiamulia mwenyewe.

Basi, asubuhi moja natoka kwenda kufungua kazi. Korido yetu ni ndefu, vyumba huku na huku, na mwisho kabisa kuna stoo yenye kufuli lililoota kutu. Kiti kikaanza kwenda. Taratibu, kuelekea stoo.

"Wee! Nani kakutuma?"

Nikageuka. Hakuna mtu.

Jirani yangu anayeuza mitumba akachungulia mlangoni kwake. "Unagombana na nani, fundi?"

"Na breki."

Ningemwambia nini? Angempigia kaka kabla sijafunga mdomo.

Ikawa ndiyo shughuli ya kila siku. Nafunga breki, matairi yanaburuzwa. Natukana, nalia kwa hasira, nasukumwa vilevile, na kila siku stoo inazidi kusogea. Nikaona dawa ni moja tu. Nikamwita fundi wa kuchomelea aje aikate mishikio. Asiye na pa kushika atasukuma nini?

"Dada, siku ukihitaji msaada je?" akaniuliza.

"Wewe kata."

Akakata. Nilicheka peke yangu, jamani, nikajiona mjanja.

Mchana uleule, jua linawaka nje, nilikuwa koridoni nikirudi chumbani. Viganja viwili vikatua mgongoni mwangu. Vya baridi. Vimetulia. Hapo ndipo akili iliponijia, nikajilaani: kumbe siku zote ile mishikio ndiyo iliyokuwa inatutenganisha.

Kiti kikaenda. Mbio. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani giza, na harufu ya udongo mbichi. Nikadaka fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Sikioni, pumzi.

"Nakusaidia tu."

"Sitaki," nikanong'ona. "Sitaki. Sitaki."

Vidole vilianza kuteleza.

"Mdogo wangu?" Sauti ya kaka, nyuma kabisa koridoni. Jirani alikuwa amempigia simu, kumwambia siku hizi naongea peke yangu.

Haki ya Mungu, sikukumbuka chumba wala uhuru. "Kaka, nivute," nikasema bila kugeuka. "Nitoe hapa. Nihamishe leo hii." Tangu tuzaliwe sijawahi kumwomba hivyo.

Akaja mbio. Akafika nyuma yangu, akasimama.

"Kaka?"

"Nani..." Akaanza tena. "Nani huyo kakushika mgongoni?"

Kisha nikasikia viatu vyake. Vilikuwa vinarudi nyuma.

"Kaka, usiniache!"

"Nakuja. Naita watu."

Hakuita mtu. Sijui nilishikilia ile fremu kwa muda gani hadi viganja viliponiachia vyenyewe. Jirani alinikuta mbele ya stoo, mlango umefungwa, kufuli lina kutu yake ileile. Gauni nililovaa siku ile nimelifua hadi limechakaa. Mgongoni lina alama mbili nyeusi za viganja, hazitoki, na vidole vyake vimeelekea chini. Mtu akikusukuma kutoka nyuma, vidole vyake huelekea juu. Huyu alikuwa amejishikiza wapi?

Kaka hapokei simu. Ametuma ujumbe mmoja tu: "Nimefikiria sana, mdogo wangu. Ulikuwa sahihi. Wewe ni mtu mzima, kaa kwako."