Macho ya Musyimi

Raba ya kufutia penseli ilikuwa imekwisha, ndiyo maana jioni ile Mutanu akatoka kwenda dukani, pale soko la Tulia, kitabu cha kuchorea kwapani. Mchana alishona sare za shule. Jua likishuka alijifunza kuchora nyuso kwa kutazama video kwenye simu. Pua aliziweza. Midomo pia. Macho yalikataa. Kila aliyemchora alitoka kama maiti ambaye hakuna aliyekumbuka kumfumba macho.

Duka lilikuwa limefungwa. Barazani alikaa mama mzee asiyemjua, leso imemfunika uso hadi puani. Palinuka udongo uliolowa... na mvua haikuwa imenyesha tangu Desemba.

"Umeshindwa na macho," mama yule alinong'ona.

Kitabu kilikuwa bado kwapani.

"Umejuaje, mwaitu?" Mutanu aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Kaa. Chora mtu unayemjua vizuri. Mwanga bado upo kidogo."

Angeondoka. Lakini miezi minane ya macho yaliyokufa ilikuwa imemchosha, akakaa. Akamchora Musyimi, mume wake. Mama yule alimwelekeza polepole: sehemu nyeupe ya jicho si nyeupe kabisa, itie kivuli, mboni iwe nyeusi tititi, ila acha tone moja la mwanga.

"Hilo tone usilichore, mwanangu. Litaingia lenyewe."

Krr... krr... penseli ilikwaruza.

Tone likaingia.

Macho ya Musyimi yalimtazama kutoka kwenye karatasi, yamelowa, yako hai. Mutanu alifurahi mpaka machozi yakamlenga. "Na wewe nikuchore, mwaitu?"

"Mimi nilishachorwa."

Akainua leso. Palipopaswa kuwa na macho palikuwa na ngozi laini, tambarare, kama karatasi iliyofutwa.

Mutanu alikimbia na kitabu chake bila kugeuka. Nyumbani taa ilikuwa inawaka. Musyimi alisimama katikati ya chumba, akipapasa hewa.

"Mutanu, mbona umezima stima?"

Hospitalini walimmulika, wakasema macho ni mazima. Mchungaji Kilonzo aliomba siku tatu, bure. Siku ya nne Mutanu alitoa kitabu chini ya sanduku ili akichome. Akakifungua mezani, kiberiti mkononi.

"Naona," Musyimi alisema kutoka kitandani. "Naona mabati. Na uso wako, mkubwa sana, umeniinamia."

Kiberiti kilimponyoka.

Mpaka leo hajamwambia. Kila asubuhi hubandika picha dirishani, ikitazama nje, na mumewe hukaa kitandani akisema ni nani anapita barabarani. Lakini penseli si wino. Vumbi huila, jua huila. Mwezi uliopita Mutanu alijaribu kuikoleza, akapitisha penseli juu ya ukope mmoja tu. Musyimi alipiga mayowe hadi majirani wakaja, na jicho la kushoto likazimika.

Limebaki la kulia. Siku hizi Musyimi huuliza kama ukungu umeshuka.

Jana Mutanu alitoka nje, akasimama mbele ya dirisha, karibu kabisa na karatasi. Mboni ilikuwa ya kijivu. Alipunga mkono. Akapunga tena.

"Mutanu," Musyimi aliita kwa upole kutoka ndani, "ukitoka nje, pita mbele ya dirisha nikuone."