Laptop ya Opiyo

Haya yalimpata rafiki yangu Abeid, fundi wa kompyuta pale Kibuye, mwaka wa tisini na nane. Opiyo, aliyekuwa amuoe Rehma, dada yake Abeid, kabla ziwa halijamchukua binti huyo, alimletea laptop amwekee Linux, programu ya kuendeshea kompyuta.

"Inawaka vizuri, lakini haitoi sauti," Abeid alimwambia mchana ule. "Linux inakataa kadi ya sauti."

"Wachana nayo, bwana. Sauti ni ya nini?"

Abeid hakupenda kushindwa. Jioni, Opiyo alipokwisha kwenda zake, akaizima, akatoa betri, akaifungua na kuchomoa nyaya za spika. Mara mvua ikashuka kutoka ziwani, stima ikapotea, taa ikazimika, kibanda kikawa giza totoro.

Gizani spika ikakwaruza. Yakasikika maji yakipiga mbao za mashua, kisha mtu akihema. Pumzi zile Abeid alizijua.

Siku ya mazishi ya Rehma, Opiyo alimkumbatia Abeid akilia, akaapa kwamba Rehma alipozama yeye alikuwa mbali, Nakuru. Abeid akamwamini kama ndugu wa tumbo moja.

"Opiyo," spika ikasema kwa sauti ya Rehma, "mbona unaniachilia mkono?"