Kompyuta Isiyopumua

Kompyuta aliyoiunda Ngoga haikuwa na kitu chochote cha kuzunguka ndani yake. Kwa hiyo jioni ile Claudette alipoisikia ikipumua, alidhani ni mumewe amesinzia kwenye kiti.

Alitoka jikoni ili amwamshe aende kuoga. Kiti kilikuwa kitupu, na Ngoga alikuwa nje akifunga geti. Sebuleni kulikuwa na televisheni iliyozimwa, chini yake lile kasha jeusi la alumini, na pumzi. Ilivutwa polepole, ikakaa kidogo, ikatolewa. Ilikuwa pumzi ya mtu mzima aliyechoka, anayepumulia mdomoni kwa sababu pua imeziba.

Mumewe alipoingia, Claudette alimwambia. Ngoga akainama, akasikiliza, akasema hakuna kitu. Kisha akamweleza kwa upole, kama alivyokwisha kuwaeleza wageni wote waliopita pale, kwamba kompyuta za kawaida zina feni ya kuzipoza, na feni ndiyo yenye kelele. Hii yake haina. Joto la prosesa hupokelewa na mabomba membamba ya shaba, mabomba hulipeleka kwenye kasha, na kasha lina mbavu ndefu kila upande zinazolitoa joto hewani taratibu. Hata diski yake haizunguki. Mtu akiiwasha atazame filamu, hasikii chochote ila filamu.

"Kitu kisicho na feni hakiwezi kupumua, Mama Igihozo," alisema.

Ngoga alizaliwa Karagwe, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Sasa alikuwa fundi wa jenereta katika hoteli moja kando ya ziwa, na kutwa nzima masikio yake yalijaa mngurumo. Nyumbani alitaka kimya. Claudette alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka. Walipokutana walizungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwao, na hawakukiacha hata baada ya kuoana na kumpata binti yao Igihozo.

Kimya hicho alichokitaka Ngoga kilikuwa kimekwisha kumuua mtu. Aliyejua ni yeye peke yake.

Nyumba yao ilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, kwenye mteremko. Chini ya sebule kulikuwa na stoo ya kushuka kwa ngazi, mlimowekwa viazi na maharage. Katika ardhi ile kuna hewa mbaya inayopenya kwenye nyufa za mawe, na watu wa pande hizi huiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujaa mashimoni kama maji yanavyojaa beseni, na anayekaa ndani yake hulala asiamke. Mwenye nyumba wa kwanza aliweka feni kwenye ukuta wa stoo, iivute hewa hiyo na kuitupa nje. Haikutakiwa kuzimwa. Swichi yake ilikuwa kwenye korido, imebandikwa plasta ili mtu asiiguse kwa bahati mbaya.

Siku Ngoga alipomaliza kuunda kompyuta, mvua ilikuwa ikinyesha. Mukagasana, shangazi aliyemlea Claudette tangu alipofiwa na mama yake, na ambaye sasa aliishi nao, alikuwa stoo akichambua viazi vya mbegu. Claudette alimpelekea mbabula, jiko dogo la makaa, aote miguu, kisha akaenda sokoni na mtoto. Ngoga aliwasha kompyuta yake, akaitegea sikio. Alichokisikia ni feni ya stoo ikinguruma chini ya sakafu. Akaenda kwenye korido, akabandua plasta, akaizima. Alikusudia iwe kwa muda mfupi tu, apate kujua kama amefaulu.

Alifaulu. Kimya kilikuwa kizuri mno hata akaweka filamu, akajiegemeza, akaitazama mpaka mwisho.

Aliposikia Claudette akipiga kelele ngazini, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukimbilia swichi. Majirani walipofika walikuta feni inazunguka, Mukagasana ameegemea magunia, na mbabula miguuni pake. Wakatikisa vichwa. Wakasema moshi wa makaa umemmaliza mama wa watu. Hakuna aliyeuliza kwa nini makaa mengi yalikuwa bado mazima na meusi, kana kwamba moto nao ulikosa pumzi mapema. Ngoga aliyaona makaa yale. Akayabeba upesi, akayamwaga kwenye shimo la takataka.

Kwenye msiba, kijijini kwa kina Claudette huko Cyanzarwe, wakubwa wa ukoo waliuliza ni nani aliyempa marehemu mbabula mahali pasipo dirisha. Claudette akajibu kwamba ni yeye. Tangu siku hiyo, kila walipokutana kwa harusi au ubatizo, shangazi zake wengine walimwondolea upawa mkononi, kwa adabu, wakimwambia apumzike. Akaacha kupikia makaa. Akakonda. Kila jioni alipiga magoti kando ya kitanda na kumwomba Mungu amsamehe kwa kumuua aliyemlea, na Ngoga, amepiga magoti kando yake, alisema amina.

Ndipo pumzi ikaanza.

Mwanzoni ilisikika jioni tu, mtu akiwa peke yake sebuleni. Baadaye ilisikika hata kukiwa na wawili, lakini Ngoga aliendelea kusema hasikii. Katikati ya filamu, pale watu wanaponyamaza wakitazamana, pumzi ilijaza nafasi ile. Kulikuja pia harufu ya viazi vilivyoanza kuchipua na ya makaa yaliyozimika. Igihozo aliizoea kuliko wote. Alikuwa akikaa sakafuni, shavu lake kwenye zile mbavu za alumini, na mama yake alipomwuliza anafanya nini, alijibu kwamba anamwambia Koko, kama alivyozoea kumwita bibi Mukagasana, asichoke.

Ngoga aliibeba kompyuta hadi mezani, akaifungua. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na ukungu, kama kioo ambacho mtu amekipulizia. Akaupangusa kwa kitambaa. Akiwa anatazama, ukungu ukarudi, ukafifia, ukarudi, na katikati yake palikuwa na alama safi ya ukubwa wa midomo miwili iliyoachana.

Alifunga kasha, akasema ni unyevu wa ziwa.

Kisha umeme ukakatika jioni moja, mtaa mzima, na taa za Goma tu ndizo zilizoonekana ng'ambo. Ngoga alikuwa peke yake sebuleni, na alifurahi kidogo, kwa sababu kompyuta isiyo na umeme ni bati tu, na bati halina la kusema. Lakini pumzi ikaja, kubwa kuliko siku zote, ikivutwa kutoka chini ya sakafu, kutoka stoo ambako feni nayo ilikuwa imesimama, ikapanda katikati ya mbavu zile na kutoka ikiwa baridi, ikampiga miguuni, ikampiga magotini, ikapanda taratibu kama maji yanavyopanda kwenye beseni, na yeye akasimama juu ya kiti, halafu juu ya meza, mtu mzima mwenye familia, akiinua kidevu chake kuelekea dari, akijua kabisa ni nani na anataka nini, mpaka umeme uliporudi na Claudette akamkuta juu pale, jasho likimtoka.

"Umesikia?" Claudette aliuliza kwa sauti ya chini.

Ngoga alishuka mezani taratibu, na safari hii hakusema kwamba hakuna kitu.

Wazee wa kanisa walikuja, wakaomba, wakaondoka kabla chai haijaiva. Basi Claudette akatuma ujumbe Nyakiriba kwa Kabatesi, mwanamke aliyejulikana kwa kuondoa mizimu majumbani. Alikuja asubuhi kwa pikipiki, amevaa buti za mpira zenye tope la shamba, mkononi mfuko wenye majani na chupa ya pombe ya mtama. Aliizunguka kompyuta, akagonga mbavu zake kwa ukucha, akataka kujua ni ya kazi gani. Ngoga alimweleza habari ya feni, shaba na kimya, na Claudette akaongeza jinsi alivyomkuta juu ya meza.

"Kumbe," alisema Kabatesi. "Fundi muzima unatengeneza kintu haina pua, alafu ikipumua unapanda mu meza."

Claudette alitabasamu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kabatesi akawaketisha sakafuni, akanyunyiza pombe kidogo mbele ya kasha, akaongea nalo kwa Kinyarwanda, bila haraka, kama mtu anayemtuliza ng'ombe mgonjwa. Pumzi ikaja. Wote watatu waliisikia. Mwanamke yule alisikiliza kwa muda, uso wake ukabadilika, akaweka chupa chini.

"Huyu haiko jini ya njia," alisema. "Mi nafukuzaka yenye imepotea tu. Huyu iko na kesi. Anasema mutu amwambie, hapa hapa, pumzi yake ilienda wapi. Akiambiwa kweli, anaenda. Akidanganywa, atajilipa mwenyewe, na mi sitarudi."

Claudette akajifunika uso. Akasema, kwa sauti isiyosikika vizuri, kwamba ni yeye, ni ile mbabula, ni yeye ndiye aliyempa. Pumzi ndani ya kasha ikawa nzito na ya haraka, kama ya mtu aliyekasirishwa na anayoyasikia, na televisheni ikatetemeka juu ya meza yake.

Kabatesi hakumtazama Claudette. Alimtazama Ngoga.

Ngoga aliona yote kwa mara moja. Aliona korido, plasta, filamu aliyoitazama mpaka mwisho. Aliona shangazi zake Claudette wakiinuka mmoja baada ya mwingine huko Cyanzarwe, na polisi, na uso wa mkewe akishajua. Akamtazama mkewe pale sakafuni, mabega yamekwisha nyama, na akajua kwamba kwa maneno machache angeweza kumtua mzigo ule.

"Ilikuwa mbabula," akasema.

Pumzi ikakoma palepale. Harufu ikaondoka. Kasha likawa kasha.

Kabatesi alikusanya vitu vyake upesi, akakataa chai, akakataa hata kusindikizwa. Getini alimshika Claudette mkono, akamwambia kwamba ile mashini sasa iko safi, asiiogope. Hakusema zaidi.

Ngoga alibaki sebuleni, akacheka kidogo, akaenda kufungua dirisha. Hapo ndipo kifua kilipoanza kumchoma. Macho yakamwingia giza. Akashika ukuta, akagundua kwamba tangu aseme yale maneno hakuwa amevuta hewa hata kidogo. Hakuna kilichomkaba. Koo lilikuwa wazi. Kifua kilikuwa kimetulia tu, kinangoja kuambiwa. Akakiamuru, kikavuta. Akakiamuru tena, kikatoa. Kisha kikangoja.

Madaktari walipiga picha mapafu yake, wakayakuta mazima. Ngoga akajifunza kutembea huku akijiamuru, kula huku akijiamuru, kuzungumza kwa vipande vifupi. Jambo lililomshinda ni kulala. Kila usingizi ulipomchukua, kifua kilisimama. Claudette ndiye aliyemwokoa. Aliketi kando yake, kiganja juu ya kifua chake, na kikisimama, alimtikisa. Usiku hata mchana, kiganja kile kilikuwa pale. Ngoga aliomba ruhusa kazini. Igihozo alipelekwa kwa bibi yake mzaa baba. Macho ya Claudette yalizama, lakini hakulalamika. Alisema anaokoa mmoja kwa sababu aliua mwingine.

Maneno hayo ndiyo yaliyomvunja Ngoga, au pengine ni uchovu tu. Jumapili moja alasiri alimwambia yote. Swichi, plasta, filamu, makaa aliyoyamwaga. Kila sentensi ilimgharimu pumzi tatu, na Claudette alimngoja kwa subira baada ya kila moja. Alipomaliza, Ngoga alifumba macho, akakisikiliza kifua chake, akitumaini kwamba sasa deni limelipwa.

Kifua kilikuwa kinangoja kuambiwa.



"Kila siku naomba Mungu anisamehe," alisema Claudette, "na we uko hapo kando, unasema amina."

Alisimama, akaenda kwenye korido na simu yake. Ngoga alimsikia akizungumza na shangazi yake mkubwa wa Cyanzarwe, Kinyarwanda cha chinichini, maneno mengi, kisha kimya kirefu cha mtu anayesikiliza kilio cha mwenzake. Aliporudi, alikuwa amenawa uso. Alifunga mapazia, akampangia mumewe mto, akaketi mahali pake pa siku zote.

"Lala, Papa Igihozo," alisema, kwa upole kama wa mama kwa mtoto. "Umechoka sana. Mi niko hapa."

Ngoga alikitafuta kiganja cha mkewe kifuani pake. Claudette alikuwa ameiingiza mikono yote miwili chini ya kitenge chake. Alikuwa anamtazama tu, macho makavu, ametulia, hana usingizi hata kidogo.

Ngoga akavuta pumzi, akaitoa. Kope zilikuwa nzito kama mawe. Akavuta nyingine, akaishikilia kadiri alivyoweza.