Picha ya Maji Yaliyotulia

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Msambweni, fundi wa elektroniki hapa Ukunda. Wasomaji wenzangu, ninayoyaandika leo nimeyaficha muda mrefu... nafsi imechoka kunisuta.

Mama alipofariki, dada yangu Mwanasiti ndiye aliyenilea. Alikuwa hali mpaka mimi nimeshiba. Alipokuja kujaliwa mtoto, baada ya kungoja miaka na miaka, alimwita Riziki, na mimi ndiye niliyemwadhinia sikioni.

Dada alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni kule Tiwi. Jiko liko nyuma, bwawa la kuogelea liko mbele. Mwenye nyumba alitaka kamera ya kuangalia bwawa, na skrini yake iwe jikoni. Dada akanisifia. "Ndugu yangu huyu ni fundi hasa, bwana. Hatakuangusha." Nikapewa kazi.

Sikutaka kamera ya dukani. Ujeuri tu! Niliiunda mwenyewe, na programu ya kuiendesha nikaiandika mwenyewe. Kwenye karatasi ya maelezo niliorodhesha vifaa vyake, na viwili nikaviandikia "si lazima". Kimoja ni waya wa kuiwasha upya kamera picha ikiganda. Kingine ni kifaa kidogo cha saa, kinachoonyesha sekunde zikienda pembeni mwa picha; zikisimama, ujue picha imeganda. Programu niliiamuru hivi: ukivikuta vitumie, usipovikuta endelea, wala usiseme kitu.

Je, nilijua kwamba picha inaweza kuganda? Nilijua! Ilishaganda mara moja mezani kwangu. Nilichomoa umeme, nikachomeka tena, ikarudi. Lakini vifaa vile viwili vilikuwa havijafika, wageni wako njiani, na mimi nina harusi ya rafiki yangu kisiwani Funzi. Nikaliziba kasha la kamera kwa gundi lisiingie chumvi ya bahari, nikaenda zangu kula pilau. Nilijiambia nitarudi wiki ijayo kuvifunga... Sikurudi.

Ilikuwa likizo ya shule, baada ya adhuhuri. Dada alikuwa amekwenda kazini na Riziki, akamwacha barazani akicheza. Yeye yuko jikoni anakuna nazi, macho kwenye skrini. Maji yametulia. Akachuja tui, akatazama tena. Maji yametulia.

Jamani! Kumbe ile ilikuwa picha ya asubuhi. Mgeni mmoja ndiye aliyepiga ukelele. Riziki alikutwa chini ya maji, roho imeshatoka. Alikuwa na miaka mitano.

Watu walisema dada alikuwa kwenye simu. Wengine wakasema alilala. Shemeji akampa talaka. Alihamia kwangu, na kila siku alirudia maneno yaleyale. "Wallahi, mdogo wangu, nilikuwa naangalia. Maji yalikuwa yametulia." Mwisho akaanza kujishuku. "Au nilisinzia? Eti, nilisinzia?"

Nami nilinyamaza! Kasha nilikwisha kuling'oa siku ya matanga, nikalificha chini ya kitanda changu. Nilimwambia dada ni kudura ya Mungu. Nilimtumia Mungu kujifichia, astaghfirullah.

Tangu siku ile siamini picha yoyote. Nikipita dukani penye skrini, husimama nikangoja kitu kitikisike, hata jani. Nikifumba macho nayaona yale maji, na najua aliye chini yake.

Mwaka jana dada aliacha kula. Hapo nikashindwa. Nilimweleza yote... waya, saa, harusi ya Funzi. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

Alifunga nguo zake kwenye kanga, akarudi Msambweni. Siku hizi nikienda kwake hunijibu salamu, kwa kuwa kuijibu ni wajibu, kisha hufunga mlango. Majirani wanasema anakula vizuri, na hajiulizi tena kama alisinzia.

Mafundi wenzangu, nawasihi! Kabla hamjaandika kwamba kifaa fulani si lazima, muulizeni atakayekitegemea, na mwambieni mlichokiona mezani kwenu. Na mkikosea, semeni siku ileile. Mimi nilimwacha aliyenilea abebe kifo cha mwanawe peke yake, nikamtazama anavyokonda, na kila asubuhi nikamuuliza kama amelala salama.